Ndugu anahamia Nairobi na mkewe mjamzito: tumwandae vipi kuhusu matibabu?

Kutoka: Mhasibu, South B

Wakubwa zangu shikamooni, na Watanzania wenzangu mlioko Nairobi, habari za siku nyingi.

Mdogo wangu wa kiume amepata ajira ya mkataba katika kiwanda kimoja hapa Nairobi, na mwezi ujao atavuka mpaka wa Sirari kutoka Mwanza akiwa na mkewe, ambaye ana ujauzito wa miezi mitano. Mama yetu, mwenye umri wa miaka 67 na anayeishi na sukari pamoja na presha, atafuata baadaye ili amsaidie mkwewe wakati wa uzazi, kama desturi yetu inavyotaka.

Ninaomba ushauri wenu juu ya mambo matatu. Hospitali ipi ni nzuri kwa mama mjamzito? Je, kadi ya NHIF, yaani bima ya afya ya taifa, ya nyumbani Tanzania inafaa huku? Na waje na nyaraka gani? Mimi mwenyewe tangu nifike ninatumia bima ya mwajiri, kwa hiyo sijawahi kulazimika kuyafikiria mambo haya, na ninaona aibu kidogo kumshauri mtu kwa kubahatisha.

Kutoka: Mtafiti wa afya, Ngara

Kaka, salaam, na hongera kwa mdogo wako.

Majina ya hospitali nzuri za Nairobi yanajulikana na kila dereva wa teksi, kwa hiyo sitayapanga hapa. Ninalotaka kukuambia ni kwamba katika mji huu mtu hutibiwa kwa kadiri ya karatasi aliyonayo, mtaa anaokaa na watu wanaomsindikiza, na mambo hayo matatu huwa yameshaamuliwa muda mrefu kabla hajaugua. Mdogo wako akiandaliwa katika hayo, hospitali ataipata mwenyewe.

Nianze na karatasi, kwa kuwa ndiyo nyepesi kueleza. Kadi ya NHIF ya Tanzania asiitegemee huku. Kenya nayo ilikuwa na mfuko wenye jina hilohilo, ulioanzishwa mwaka 1966, lakini tangu tarehe 1 Oktoba 2024 nafasi yake imechukuliwa na mfumo mpya wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambao kila mtu hapa anauita SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote, na kima cha chini ni shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Sheria ya mwaka 2023 iliyouunda mfumo huu inamhusu pia mgeni mkaazi. Anayekuja kukaa kwa muda usiozidi miezi 12 ndiye anayetakiwa kuwa na bima ya safari. Mdogo wako, akishapata kibali cha kazi na kitambulisho cha mgeni, ahakikishe kwamba mwajiri anayapeleka makato, na ahakikishe pia kwamba mkewe ameandikwa chini yake kwa jina lilelile lililo kwenye pasipoti, kwa sababu kukatwa mshahara peke yake hakumwingizi mke kwenye orodha. Nimeona watu wakiligundua jambo hili wakiwa tayari wamesimama kwenye dirisha la mapokezi.

Zahanati na vituo vya afya, ambavyo hapa huitwa ngazi ya pili na ya tatu, hulipiwa na mfuko wa afya ya msingi, na aliyejiandikisha hatakiwi kutoa fedha. Kuanzia ngazi ya nne, yaani hospitali, kwenda juu ndipo michango yako inapoulizwa. Kwa uzazi, mfuko hulipa shilingi 10,000 mama akijifungua kwa njia ya kawaida na 30,000 akifanyiwa upasuaji. Katika hospitali kubwa za binafsi kiasi hicho ni sehemu ndogo tu ya bili, kwa hiyo mapema waulize watatakiwa kuongeza shilingi ngapi, na waliulize dirisha la malipo badala ya daktari, maana daktari mara nyingi hajui.

Kwa mama yenu mambo ni magumu zaidi, na ninaomba mvumilie maelezo yangu. NHIF ya nyumbani humruhusu mwanachama kuwaweka wazazi wake, na hata wakwe zake, miongoni mwa wategemezi. Mfumo wa Kenya unaitambua kaya ya mume, mke na watoto. Mama ambaye kwa hesabu zetu ndiye mkuu wa nyumba popote atakapolala, kwa hesabu ya SHA ni kaya nyingine, mwenye namba yake na mchango wake. Tena mama yenu anatoka kwenye nchi ambayo sera yake imesema kwa miaka mingi kwamba mzee wa miaka 60 na kuendelea, asiye na uwezo, atibiwe bila malipo, na huenda akaja na matarajio hayo kichwani. Sidai kwamba nyumbani ni bora; mama yenu anaijua vizuri zahanati yenye msamaha wa malipo lakini isiyo na dawa. Ninachosema ni kwamba kila nchi imeandika ndani ya bima yake wazo lake la nani ni ndugu, na anayevuka mpaka hulipa gharama ya tofauti hiyo. Akija kwa miezi michache tu, mkatieni bima ya safari, na msome kwa makini kile kipengele kinachohusu magonjwa ambayo mtu alikuwa nayo kabla ya kusafiri, kwa kuwa sukari na presha ndiyo magonjwa ya kwanza kuwekwa kando.

Kuhusu mtaa, inafaa mjue kwamba ramani ya afya ya Nairobi haikuchorwa na wagonjwa. Mji huu ulianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na mwaka 1902 tauni ilipozuka, wakuu wa wakati ule waliuchoma moto mtaa wa biashara wa Wahindi. Baadaye, ripoti ya afya ya Profesa Simpson, iliyotoka mwaka 1914, ilipendekeza watu wakae kwa kutengwa kwa rangi, na afya ndiyo ikawa hoja ya kuwapa baadhi yao miinuko yenye hewa na miti, na wengine mabondeni upande wa mashariki. Hospitali nazo zilifuata mstari huohuo. Ile tunayoiita leo Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ilianza mwaka 1901 kama hospitali ya wenyeji. Nairobi Hospital ilifunguliwa mwaka 1954 kwa ajili ya Wazungu. Aga Khan ilifuata mwaka 1958. Na Mater ilijengwa na masista Wakatoliki mwaka 1962 kwa ajili ya Waafrika. Uhuru uliondoa sharti la rangi mlangoni, lakini majengo hayakuhama, na mahali pa rangi pakachukuliwa na uwezo wa kulipa.

Matokeo yake yanapimika. Utafiti uliofanywa mwaka 2000 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi ulionyesha kwamba watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wakifariki kwa kiwango kikubwa kuliko hata wenzao wa vijijini, ingawa waliishi karibu kabisa na hospitali kubwa kuliko zote nchini. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake yapo hapahapa Gigiri, liliwapima watoto wanaoishi na kusoma karibu na jalala la Dandora, na takriban nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kinachozidi kile kilichokubalika. Hakuna daktari anayeweza kuandika dawa ya anwani. Kwa hiyo mdogo wako anapotafuta nyumba, aulize maji yanatoka bombani siku zipi, na aulize moshi wa taka unaelekea wapi jioni, kabla hajauliza kama kuna maegesho ya gari.

Jambo jingine ni homa, na kwa mtu anayetoka Mwanza jambo hili linaweza kuwa suala la uhai. Nairobi ipo juu, mnamo mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na malaria ya kuambukizwa hapahapa ni adimu. Ukanda wa ziwa ni kinyume chake. Nyumbani mtu akipata joto, kila aliye karibu, kuanzia jirani hadi mhudumu wa zahanati, anawaza malaria kwanza. Hapa jirani huyohuyo anawaza taifodi na amiba, na maabara nyingi za mitaani zitakupa taifodi kwa kipimo cha Widal, ambacho wataalamu wamelalamika kwa muda mrefu kwamba huonyesha ugonjwa hata usipokuwapo. Vichwa vya madaktari navyo hufuata mazoea ya mji wanaofanyia kazi. Kwa hiyo mdogo wako, mkewe na mama wajizoeze kutamka sentensi moja mbele ya kila mhudumu hata kama hawajaulizwa, kwamba wametoka Mwanza na tarehe waliyotoka. Hilo linahusu pia kichocho, ambacho mtu aliyekulia kando ya ziwa anaweza kuwa nacho huku daktari wa Nairobi akitafuta mengine kabisa. Na mtoto atakayezaliwa na kukulia hapa, akipelekwa likizo kwa bibi yake, alale ndani ya chandarua kila usiku, kwani mwili wake hautakuwa na kinga ambayo binamu zake wa kule wameijenga.

Kuhusu kliniki ya wajawazito sina mengi. Shemeji aje na kadi yake ya kliniki na majibu yote ya vipimo, aende kituo cha afya kilicho karibu wiki ya kwanza, naye atapewa kijitabu cha mama na mtoto. Asishangae kwamba hataulizwa mume wake yuko wapi. Nyumbani tumezoea mume kuitwa siku ya kwanza ili wapimwe wote wawili, na mwanamke aliyekwenda peke yake huweza kutakiwa kuleta barua ya mtendaji. Hapa wanawake wengi huenda peke yao na hakuna anayehoji. Baadhi ya dada zetu wamelifurahia jambo hilo, na wengine wamejikuta wapweke.

Kutoka: Mfanyabiashara, Gikomba

Dada yangu wa Ngara ameeleza kwa kina, nami ninamshukuru. Hata hivyo naomba niseme kwa niaba ya sisi ambao hatuna mwajiri wa kutukata mshahara, kwa kuwa katika orodha hii ya kuandikiana sisi ni wengi ingawa tunaandika mara chache.

Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huruhusiwa kuingia Kenya na kukaa kwa miezi sita bila viza, na wengi wetu tumeishi hivyo, tukitoka na kuingia, tukiuza mitumba, vitenge, vinyago au samaki. Mtu wa namna hiyo hana kitambulisho cha mgeni, na asiye na kitambulisho hawezi kujiandikisha ipasavyo. Hata aliye nacho, akiwa hana mshahara, huulizwa maswali mengi juu ya nyumba yake na vitu alivyo navyo ili akadiriwe mchango, kisha hutakiwa kuulipa wa mwaka mzima. Kima cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi ni 3,600 kwa mwaka, na si haba kwa mtu anayenunua maji kwa mtungi na chakula kwa siku.

Ndiyo maana watu wetu huanzia duka la dawa. Nimesikia hata humu wakubwa wakisema kwamba hatujielewi na kwamba tunachelewa kwenda hospitali kwa uzembe. Naomba tulitazame upya. Duka la dawa liko wazi saa tatu usiku, linauza vidonge kwa idadi ya fedha uliyonayo, haliombi pasipoti, na mwenye duka anakujua kwa jina. Kituo cha afya cha serikali kinataka uwe kwenye foleni tangu alfajiri, na kwa mwenye kibanda sokoni asubuhi hiyo ndiyo mauzo ya siku nzima. Tena kuna migomo. Wanaokumbuka mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 na kumalizika Machi 2017, siku 100, wanajua kwamba mwenye bima ya binafsi hakusumbuka, bali ni anayetegemea hospitali ya umma peke yake aliyeambiwa asubiri. Mtu aliyepitia hayo anapoamua kununua vidonge, ameshapiga hesabu zake, hata kama hesabu hiyo mwishowe inamgharimu zaidi.

La pili ni michango, na hapa nitasema jambo ambalo huenda lisiwapendeze wote. Nyumbani michango tunaijua sana ya harusi na ya msiba. Nairobi michango ya matibabu ni sehemu ya maisha ya kila wiki. Mtu akilazwa, kundi linafunguliwa kwenye simu jioni ileile, mweka hazina anachaguliwa, namba ya M-Pesa inatangazwa, na majina ya waliotoa yanaorodheshwa kila yanapoongezeka ili ambaye hajatoa ajione. Desturi hii imewatoa watu wetu hospitalini, nami nimenufaika nayo, kwa hiyo siibezi. Lakini nimekuwa mweka hazina mara nyingi kiasi cha kutambua kwamba fedha haiendi mahali penye maradhi makubwa zaidi. Huenda kwa aliye na watu wengi. Mwenye kwaya, mwenye timu ya mpira, aliyesoma na wengi, hukusanyiwa kwa siku mbili. Mfanyakazi wa ndani aliyefichwa na tajiri wake Jumatatu hadi Jumamosi hana hata wa kumfungulia kundi.

Na magonjwa nayo yana vyeo vyao. Ajali huchangiwa haraka, kwa kuwa kila mtu anajiona kwenye pikipiki ile. Saratani huchangiwa, ingawa mara ya tatu watu huanza kuchoka. Ugonjwa wa akili haujawahi, katika makundi yote niliyoyahudumia, kutangazwa kwa jina lake. Tunaambiwa ndugu amechoka, au amerudi nyumbani kupumzika, na anayempeleka Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili, humpeleka kimya kimya kwa fedha yake. Kifafa hali kadhalika. Kifua kikuu hugeuzwa kuwa nimonia kwenye tangazo. Matokeo yake ni kwamba anayeugua ugonjwa wenye aibu hulipa peke yake, na kwa kuwa analipa peke yake huchelewa, na kwa kuwa amechelewa anazidiwa, na watu wanathibitisha kwamba ugonjwa ule ni wa kutisha kweli.

Kwa mhasibu wa South B: mdogo wako ajiunge na chama au kikundi kimoja kabla hajakihitaji. Achangie wagonjwa wa wenzake tangu mwezi wa kwanza, hata kidogo, kwa kuwa daftari la nani alitoa kwa nani linakumbukwa.

Kutoka: Muuguzi, Umoja

Shikamoo dada wa Ngara, na pole na kazi kaka wa Gikomba. Nimefanya kazi wodini hapa Nairobi kwa muda mrefu, na ninaongeza machache tu kutoka upande wa kitandani.

Kwanza nimsahihishe kidogo kaka, kwa heshima. Kuna huduma ambazo kituo cha serikali humpa kila anayekuja bila malipo: dawa za kifua kikuu, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI na chanjo za watoto. Sababu inaeleweka, kwamba vimelea vya kifua kikuu havikagui kibali cha kazi na mgonjwa asiyetibiwa huambukiza mtaa mzima. Naomba wenye makundi ya simu walitangaze hili, kwa maana ninapokea watu wetu waliokaa na kikohozi kwa miezi, wakinywa dawa za duka, wakiamini kwamba wakienda kituoni watakamatwa. Dada na mama wanaozunguka nyumba kwa nyumba mitaani, yaani wahudumu wa afya ya jamii, hawafanyi kazi ya uhamiaji. Wakipita Mukuru au Kayole, wafungulieni mlango. Jambo la kuchekesha ni kwamba wakaazi wa maghorofa yenye geti kule Kilimani hawajawahi hata kuwaona, kwa hiyo kwa hili moja wa mabandani wana huduma ambayo wenye lifti hawana.

Pili, dharura. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Haisemi raia, inasema mtu. Mgonjwa akiwa mahututi, msindikizaji aitaje Katiba kwa upole lakini kwa sauti inayosikika, na asianze mazungumzo ya amana ya fedha mpaka mgonjwa amepokelewa. Gari la wagonjwa la Msalaba Mwekundu hupatikana kwa namba 1199. Iandikeni kwenye simu leo.

Tatu, damu. Hapa benki ya damu inategemea wachangiaji wa hiari, lakini damu inapopungua, na hupungua hasa shule zinapofungwa, ndugu wa mgonjwa huombwa walete watu wa kutoa. Mwenyeji hupiga simu kwa mjomba aliyeko Kiambu na binamu aliyeko Kitengela. Mwanamke kutoka Mwanza anayetokwa na damu baada ya kujifungua ana mume mmoja, mwenye wasiwasi, na kundi la damu ambalo pengine halilingani. Ninasema hivi nikiwa na uzoefu: katika usiku wa namna hiyo, mgonjwa mwenye watu sita nje ya wodi na mgonjwa mwenye mtu mmoja wanalala kwenye vitanda vinavyofanana, lakini hawako katika hospitali moja. Ni vivyo hivyo kwa chakula, kwa dawa inayotakiwa kununuliwa nje, na kwa kumkumbusha muuguzi aliyeelemewa kwamba dripu imekwisha. Sisi wauguzi tunajitahidi kuwa sawa kwa wote, lakini macho mengi humwona mgonjwa mapema kuliko macho machache.

Nne, deni. Mahakama Kuu ya Kenya iliamua mwaka 2015 kwamba kuwazuilia wanawake wawili waliojifungua katika hospitali ya Pumwani kwa sababu ya bili kulikiuka Katiba. Pamoja na uamuzi huo, desturi ya kumshikilia mgonjwa au mwili wa marehemu haijaisha. Likitokea, ndugu asikimbilie kugombana na mlinzi getini. Aombe kuonana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, aandike ahadi ya malipo kwa awamu, na abaki na nakala. Ofisa huyo ana uwezo ambao daktari hana, na wageni wengi hata hawajui kwamba yupo.

Kutoka: Mhasibu, South B

Ninawashukuru sana. Nimeisoma mara mbili barua ya kaka wa Gikomba, na nimempelekea mdogo wangu zote kama zilivyo. Nimempigia simu pia ofisa wa rasilimali watu wa kiwanda chake, ambaye amethibitisha makato ya SHA lakini akakiri kwamba wategemezi huandikwa na mfanyakazi mwenyewe.

Nimebaki na maswali mawili. Wapange wapi, ikizingatiwa kwamba kazi ni Eneo la Viwanda na kwamba bajeti yao si kubwa? Na mama afanye nini na dawa zake wakati wa safari?

Kutoka: Mtafiti wa afya, Ngara

Kaka, South B yenyewe ni mfano wa yote tuliyoyasema: Mater iko hapo, na Mukuru iko ng'ambo ya barabara, na watu wa pande mbili hizo hukutana zaidi sokoni kuliko hospitalini. Kama kodi ya South B inawazidi, watazame Umoja au Donholm, ambako hospitali ya Mama Lucy Kibaki haiko mbali na usafiri wa kwenda kiwandani upo. Muhimu zaidi ya jina la mtaa ni wiki ya kwanza watembee kwa miguu, wote wawili, kutoka nyumbani hadi kituo cha afya, kisha waulize ni kituo kipi kinachopokea wanaojifungua usiku. Vingine hufunga jioni, na uchungu hauangalii saa. Wawe pia na dereva mmoja wa teksi wanayemfahamu na aliyekubali kupigiwa simu saa nane za usiku.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano huulizwa mpakani, hasa mtu anaporudi Tanzania akitokea Kenya. Tangu mwaka 2016 kadi hiyo inatambuliwa kwa maisha yote, kwa hiyo yenye tarehe ya zamani haijaharibika. Shemeji, kwa kuwa ni mjamzito, asichanjwe kwenye dirisha la mpakani. Amwone daktari wake Mwanza kwanza, ampe ushauri na barua.

Mama aje na dawa za muda wote atakaokaa, pamoja na barua ya daktari yenye majina halisi ya dawa na vipimo vyake, si majina ya kibiashara, kwa kuwa maboksi ya hapa yana majina mengine. Kama anachoma insulini, isiwekwe kwenye buti la basi. Aishike mwenyewe ndani ya chombo chenye ubaridi, na vijiti vya kupimia sukari viwe kwenye mkoba wake.

Kutoka: Mfanyabiashara, Gikomba

Nimefungua orodha ya watu walio tayari kutoa damu, kwa makundi yao, kwa mwezi ambao shemeji anatarajia kujifungua. Mpaka sasa tuko wanne, watatu wa kundi O chanya na mmoja wa B chanya. Mhasibu, tujulishe kundi la shemeji mara atakapopimwa. Nanyi wa Gigiri na Kilimani ambao husoma bila kuandika, orodha ina nafasi.